Mdogo Husema Kwanza: Neno Fettle Katika Ofisi Yetu ya Tarjuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko mwenye ufunguo, nikasimama kwenye ngazi za chuma na bahasha ya shahada yangu kwapani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni ilikuwa ya kutengeneza meli na mitambo, karakana zake haziko mbali na Bandari ya Sultan Qaboos, mtaa wa Matrah hapa Maskati. Ofisi ya tarjuma ilikuwa juu ya karakana, hata nyundo zikianza kugonga chini, vikombe vya kahawa hucheza kwenye sinia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Al Khoudh, nimesoma isimu, na nilikuwa na shaka kubwa na kazi niliyoajiriwa. Niliamini mfasiri ni mtu wa kubeba maneno ya wenzake kutoka meza hii mpaka ile. Mtu wa namna hiyo, nilijiuliza, ana haja gani ya kufikiri?

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo, ambao mashine huwapa tarjuma kabla hamjamaliza kusoma sentensi. Sina ugomvi na mashine. Nataka tu mjue kazi ilivyofanywa zama zetu, na hasa mjue habari za neno moja la Kiingereza cha mashambani, fettle, lililotuweka roho juu ofisi nzima.

Mkuu wa Tarjuma alikuwa mzee wa Kiunguja aliyehamia Maskati akiwa kijana. Hakuwa na shahada. Alikuwa na Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, vyote alivyovipata kwa kusoma mwenyewe na kwa kusikiliza watu, na kanzu zake zilipigwa pasi mpaka zikasimama peke yake.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Nini?"

"Isimu."

"Maashaallah. Basi kaa hapa, usahau kidogo."

Akanipa ripoti ya Mhandisi Mkuu wa karakana, Mwingereza wa kaskazini mwa nchi yao. Mstari mmoja ulisema pampu ya boti fulani imefanyiwa fettle. Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nikafungua kamusi, nikaona maana ya kwanza inahusu kusafisha vyuma vilivyotoka kwenye kalibu, nikaandika kwa Kiarabu kwamba pampu imesafishwa. Nikaona nimefanya kazi ya haraka na nzuri.

Mkuu akasoma, akavua miwani. "Nani kakwambia imesafishwa?"

"Kamusi."

"Kamusi iliiona pampu?"

Nikaifunga kamusi.

"Teremka chini basi. Hapa kwetu neno halipati kadi mpaka ulione linafanya kazi."

Kadi aliyoisema ni kadi ya istilahi, yaani kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa neno la lugha chanzi, lugha tunayotoa, na chini yake neno la lugha lengwa, lugha tunayopeleka, pamoja na jina la aliyelisema na mahali aliposemea. Ofisi ilikuwa na madroo yaliyojaa kadi hizo, na kila moja mtu aliteremka ngazi kwa ajili yake.

Mhandisi Mkuu nilimkuta amekaa juu ya ndoo, uso umemwiva kwa joto la Juni. Nilipomuuliza juu ya pampu alicheka. Haikusafishwa, alisema, ilikuwa imevunjika vipande na sasa inafanya kazi. Huko ndiko ku-fettle, kutengeneza. Lakini bibi yake kila Ijumaa alikuwa aki-fettle nyumba, na hapo maana ni kuifagia na kuipanga. Babu yake alikuwa aki-fettle farasi, kuwasugua na kuwalisha. Kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma wako watu wanaoitwa kwa neno hilo hilo, kazi yao kukata mabaki chuma kikitoka kwenye kalibu. Kwa wafinyanzi, ni kulainisha chungu kabla hakijaingia tanuri. Mtu aliye buheri wa afya husemwa yuko kwenye fettle njema. "Na nilipokuwa mtundu," akamalizia, "mama alisema atani-fettle, na siku hiyo hakukusudia kunipanga kama nyumba."

Mafundi wetu, wengi wao Waomani waliokulia Afrika Mashariki, walikwishalichukua neno wakalivisha kanzu. "Sisi twasema kufetili," fundi mmoja akanambia. "Injini tunaifetili. Na mke wangu jana kanifetili mimi, nimechelewa na samaki."

Nilipopanda tena juu nilikuwa na maana nyingi kuliko vidole vya mkono. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hilo ni neno au ni ukoo?" Kisha akanikumbusha kwamba hatuna haja ya kuwastaajabia Waingereza. Kiswahili kina kutengeneza: watu hutengeneza gari, hutengeneza chai, hutengeneza nywele, na mtu akikasirika husema, "Ngoja, nitamtengeneza." Nikaandika kadi yangu ya kwanza. Sikuiita tena kazi ya kubeba.

Ofisi ilikuwa na kikao kila Jumatano, ambayo zama zile ilikuwa siku ya mwisho ya wiki ya kazi. Tulikaa tukizunguka sinia la kahawa na tende, neno moja likawekwa mbele, na kila mtu akasema analolijua. Sharti la Mkuu lilikuwa moja: mdogo husema kwanza, na yeye Mkuu husema mwisho. "Mkubwa akitangulia," alisema, "wadogo hawafikiri tena. Wanaitikia amin."

Mdogo nilikuwa mimi. Kwa kuwa kila Jumatano nilianza na swali, Mhariri wa Kiarabu akanipa jina la Bi Kwa Nini. Yeye alizaliwa Tabora, Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na utani wake na Mkuu haukuwa na likizo. "Ninyi wa Unguja," alikuwa akisema, "mkipewa neno mnaliremba kwanza ndiyo mnalitafsiri." Mkuu hujibu, "Na nyie wa bara mnalipiga rungu, likifa mnalizika kwa Kiarabu."

Nilipokomaa kidogo nilihamishiwa Sib, kwenye chuo cha mafunzo cha kampuni. Huko nilijifunza ukalimani, maana yake tarjuma ya mdomo. Uko wa kufuatiza, ambapo msemaji husema kisha hunyamaza ukasema wewe. Na uko wa sambamba, ambapo unakaa kwenye kibanda cha vioo, vifaa vya kusikilizia masikioni, unasema huku yeye anasema. Kanuni yake kubwa ni kwamba mkalimani husema "mimi". Msemaji akisema "nimefurahi", husemi "anasema amefurahi". Unasema "nimefurahi". Unamwazima sauti, na kwa muda huo wewe huna yako. Mkuu wa Mafunzo, aliyekuwa askari zamani, alinionya siku ya kwanza: "Binti, ukiniongezea neno nitajua. Kiingereza sikijui, lakini najua urefu wa pumzi zangu."

Niliporudi Matrah, miaka ya tisini inakaribia kwisha, nilimkuta Mkuu wa Tarjuma ana furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Wafasiri wa Maskati walikuwa wanaandaa mkutano katika hoteli moja ya Qurm, wageni watakuja kutoka nchi za jirani na kutoka Uingereza, na yeye ameombwa atoe mada. Lazima nieleze uzito wa jambo hilo. Makao makuu ya kampuni walikuwako mabwana wenye shahada waliomwita "fundi wa maneno", na hawakulisema kwa kumsifu. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja kustaafu. Hajapata kuombwa kusimama mbele ya wasomi, na kama si safari hii, hataombwa tena.

Mada yake ilikuwa asili ya neno fettle. Akaileta kwenye kikao cha Jumatano ili tuisikie.

Alisema neno hilo ni la Kiarabu. Waarabu husema fatala, kusokota kamba, na fatil ni kitu kilichosokotwa. Mabaharia wa Kiingereza, alisema, walisikia neno hilo kwenye bandari zetu, kwa watu waliokuwa wakisokota na kutengeneza kamba za vyombo. Wakarudi nalo kwao likimaanisha kutengeneza kamba, kisha kutengeneza chochote. Aliisoma kwa sauti yake nzuri, na kwa kweli iliteleza kama halua.

Hili ni kosa letu sisi, nadhani la sisi wenye Kiswahili na Kiarabu peke yetu. Tumekua tukiambiwa kitabu ni Kiarabu, saa ni Kiarabu, habari ni Kiarabu. Tukikutana na neno tusilolijua, mlango wa kwanza kuubisha ni huo, na kwa kuwa mara nyingi hufunguliwa, tumesahau kwamba iko milango mingine.

Mimi nilikuwa nimeibisha. Tangu ile siku ya pampu neno lile halikuniacha, na kila nilipopita Al Khoudh niliingia maktaba. Kiingereza cha kale kabisa kina neno fetel, maana yake mshipi au ukanda, hasa ukanda wa kuvalia upanga. Watu wa kaskazini ya mbali, wa Norwei na Aisilandi, wana ndugu yake. Wajerumani wa kale nao wanaye. Na kote maana ni ukanda au kifungo. Wataalamu wengi husema kitendo kilitoka humo baadaye: mtu kujifunga mshipi, yaani kujiweka tayari kwa kazi, kisha kuweka tayari kitu kingine.

Mkuu alimaliza, akakunja karatasi. "Haya. Bi Kwa Nini, anza."

Nilimtazama Mhariri. Akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Nikajua anasema: nyamaza. Nikinyamaza, mzee atakwenda kusimama mbele ya watu wanaovijua vitabu vile, na mmoja wao atanyoosha mkono. Nikisema, namvunja mtu wa umri wa baba yangu, aliyenifundisha kazi, katika jambo la pekee aliloomba dunia impe.

"Mkuu," nikasema, "nna maswali yako mwenyewe, yale uliyotufundisha kuliuliza kila neno la kigeni. Neno limebebwa na nani? Limepita njia gani? Na huko lilikofika, halikuwako kabla yake?"

"Limebebwa na mabaharia. Nimesema."

"Wakulima wa Aisilandi je, nani aliwapelekea? Wanalo tangu zama ambazo hakuna baharia wa Kiingereza aliyekwishafika hapa."

Nikamweleza yote, fetel na ndugu zake. Hakuna aliyegusa tende. Nilipomaliza, Karani Mkuu, aliyefuata kwa udogo, alisema yeye mada ameiona nzuri, maashaallah. Mhariri naye akasema nzuri, ingawa macho yake yalikuwa dirishani. Zamu ikamfikia Mkuu. Akatikisa kikombe chake, kama tufanyavyo mtu asipotaka tena kuongezewa, akakiweka chini.

"Ahsanteni. Khalas." Akatoka.

Mhariri akanigeukia. "Umemvua mzee kofia hadharani."

"Si afadhali hapa kuliko mbele ya wageni?"

"Wageni wanapanda ndege wanakwenda zao. Sisi atatuona kila asubuhi."

Mpaka leo sina hakika kwamba alikosea.

Kuanzia hapo Mkuu alinijibu salamu na kunipa kazi, lakini jina la Bi Kwa Nini hakulitaja. Mkutano ukakaribia. Mimi na Mhariri tuliwekwa kibandani, kwa kuwa ukalimani wa sambamba hufanywa na watu wawili wanaopokezana. Akili ya mmoja haiwezi kubeba siku nzima. Kwa desturi wasemaji huwapa wakalimani nakala ya hotuba mapema. Nilimwendea Mkuu kuomba yake.

"Nitasema kwa kichwa," akajibu, bila kunitazama.

Siku ya mkutano alivaa rasmi: kanzu, kilemba, na jambia kiunoni kwenye mshipi wake wa nyuzi za fedha. Mabwana wa makao makuu walikaa safu ya mbele. Mgeni wa Kiingereza, mhadhiri wa lugha, akavaa vifaa vya kusikilizia. Zamu ilikuwa yangu. Mkuu akaanza kwa Kiarabu, nami kwa Kiingereza nikamfuata.

Alianza na fatala.

Alisema yote: kamba, bandari, mabaharia. Mhariri, maikrofoni yake imezimwa, akanong'ona, "Amepuuza." Nami, kwa kanuni ya kazi, nikasema "mimi nimegundua", nikasema "ushahidi wangu ni huu", kwa sauti ya mtu anayeamini, maana sauti ilikuwa yake. Ukumbi ukapendezwa. Watu wa safu ya mbele wakapiga makofi. Mgeni wa Kiingereza hakupiga. Alikuwa akiandika, na kalamu haikutulia.

Mkuu akangoja makofi yaishe. "Niliyoyasema mpaka hapa," akasema, "ni mazuri, na si kweli."

Nikayasema. Kupitia kioo niliona vichwa vikigeuka.

"Nimeyaamini kwa sababu nimeyapenda. Ofisini kwangu yuko binti, mdogo wetu sote. Niliweka mwenyewe sharti kwamba mdogo aseme kwanza, na kwa miaka yote sharti lile halikunigharimu kitu. Safari hii limenigharimu. Nilikasirika. Kisha nikaenda kusoma alikosoma yeye, na yeye ndiye mwenye haki."

Ilinipasa niyaseme yote hayo, na niyaseme kwa "mimi". Mimi nilikasirika. Yeye ndiye mwenye haki. Nilijisikia nikijisifu kwa mdomo wangu kwa maneno ya mtu mwingine, na sauti ikaanza kunikimbia. Mhariri akanisukumia glasi ya maji, kidole chake juu ya swichi, tayari kunipokea. Nikatikisa kichwa. Kazi ile nilitaka niimalize mwenyewe.

Mkuu akaweka mkono juu ya mshipi wa jambia. "Fetel ni hii hapa. Kamba iliyosokotwa siyo. Ni mshipi wa kuvalia silaha. Waingereza wa kale walijifunga hivi wakawa tayari, na neno la mshipi likawa neno la kujitayarisha. Sasa mimi nimelelewa Unguja, na mama zetu wakitaka kazi kubwa hufunga kanga kiunoni. Nasi twasema mtu kajifunga kibwebwe, hata kama ni mwanamume na hana kanga. Mabaharia hawakulipeleka hili. Hakuna aliyelipeleka. Watu wawili wasiojuana wameinama, wamejifunga kiuno, wameanza kazi, na lugha zao zimeona jambo lile lile."

Aliposhuka jukwaani mgeni wa Kiingereza alikuwa wa kwanza kumfuata, na maswali yake yote yalikuwa juu ya kibwebwe. Safu ya mbele ilibidi isubiri.

Nilimpata kwenye maegesho ya magari, anatafuta ufunguo.

"Mkuu, kwa nini hukunipa karatasi?"

"Ah! Bi Kwa Nini." Akacheka. "Ningekupa, ungenilainishia. Ungesema 'labda nimekosea kidogo'. Nnakujua wewe."

"Na kwa nini uliwaambia uwongo mzima kwanza? Si ungesema tu kwamba ulikosea?"

"Wangedhani nimepita njia mbovu, wakasema wao hawawezi kupita. Njia ile ilikuwa nzuri, bint. Lami mpya, taa zinawaka. Ila haifiki. Nilitaka tuipite pamoja, na wao wapige makofi."

Makao makuu hawakumwita tena fundi wa maneno, au walimwita kwa namna nyingine. Waliagiza kila idara iwe na kikao cha Jumatano kwa amri, naye aliwaandikia kukataa. Alinambia, "Mkuu akilazimishwa kukosolewa ataajiri wanaojua kunyamaza." Alistaafu mwaka uliofuata. Baadaye kiti kile nilikikalia mimi, nikahamishwa tena, nikarudi, na miaka ya elfu mbili ikiwa inaishia nami nikastaafu mapema. Nikiwa Mkuu niliona maneno yake yalikuwa kweli: kikao hufa haraka sana, na mwenye kukiua hahitaji kusema neno, akikunja uso mara moja inatosha.

Tabia yangu haijaniacha, bado sikubali kitu mpaka nikigeuze. Nimeigeuza na Jumatano ile mara nyingi. Watu wa ofisini walioikumbuka walikuwa wakinisifu kwa ujasiri, na sifa hiyo siitaki kwa kuwa si yangu. Nilisema kwa sababu zamu ya kwanza ilikuwa yangu, na swali niliulizwa uso kwa uso. Ujasiri ulikuwa wa yule aliyezipanga zamu namna ile, miaka mingi kabla yangu, akijua kwamba ipo Jumatano itakayomfikia yeye.